Mbio na Dawa za Ng'ombe Mgongoni

Aliyenifanya niwe mkimbiaji ni fahali mmoja wa kule Sori. Mimi ni daktari wa mifugo, na siku hiyo nilikuwa nimekwenda kwa mama mmoja mjane kumdunga fahali wake sindano. Fahali hakuafiki. Alikata kamba, akainamisha kichwa, nami nikatimua mbio na gambuti zangu kuelekea choo kilichokuwa upande wa pili wa ua. Umbali ule mtoto angeuvuka na kikombe cha uji asimwage tone. Mimi nilifika sina pumzi hata ya kuvuta mlango. Fahali, nadhani kwa aibu ya kushindana na mtu kama mimi, alisimama njiani akaanza kula nyasi.

Baada ya muda mama alikuja kugonga. "Daktari, toka. Ameshakusahau."

Nikamwomba anipe nafasi nipumue kwanza. Akaniuliza kama nina ugonjwa wa pumu. Nikamwambia sina.

"Basi ni tumbo," akasema bila ubaya wowote, akaenda kuniletea maji.

Nilirudi ofisini Migori nikawasimulia wenzangu, nikitarajia pole. Mkubwa wangu wa kazi, mama anayekimbia kila Jumapili na ambaye amenihubiria mazoezi tangu siku aliyoniona nikipanda ngazi, hakunipa pole. Alichukua simu yake akaniandikisha papo hapo katika nusu marathoni ya Homa Bay. Kilomita ishirini na moja. Nilikubali kwa sababu siku yenyewe ilikuwa bado mbali, na jambo likiwa mbali hata mzigo wa gunia huonekana kama kifurushi.

Nikajipangia kukimbia alfajiri kabla ya kazi. Nilichosahau ni kwamba ng'ombe nao wamejipangia alfajiri. Ng'ombe mwenye shida ya kuzaa huwa amevumilia usiku kucha, na mwenyewe naye amevumilia pamoja naye, hadi jogoo awike ndipo akumbuke kwamba ana namba ya daktari. Kila nilipofika mahali jasho limeanza kutoka, simu ililia. Ilibidi nirudi nyumbani mbio kuchukua vifaa, nioge, nitafute pikipiki, na huko ninakokwenda watu wananuna kwamba nimechelewa. Mwishowe niliamua kukimbia na vifaa vyangu mgongoni: sindano, glavu ndefu, kamba, chupa za dawa, sabuni. Mke wangu alinitazama nikijifunga ule mfuko juu ya kaptura.

"Unaenda mazoezi," akauliza, "au unahama?"

Barabarani watu hawakunielewa. Mimi ni Mkuria, na Dholuo yangu, lugha ya wenyeji wa huko, huishia kwenye salamu, kwa hiyo maelezo yote niliyatoa kwa Kiswahili, tena cha mtu anayehema. Wenye bodaboda walipunguza mwendo wakaniuliza ni nani ananifukuza. Nikiwaambia hakuna, waliuliza ni nani amekufa. Mzee mmoja hata alivua kofia.

Kisha tukapata kazi ya kuchanja mifugo upande wa Osiri, kule wanakochimba dhahabu, nikalala huko wiki nzima. Asubuhi moja nilikuwa nikikimbia kando ya barabara, nikiwapita wachimbaji waliokuwa wakienda mashimoni na sululu zao, simu ikalia. Alikuwa ni mfugaji ambaye boma lake halikuwa mbali na hapo.

"Daktari, ng'ombe inazaa. Miguu imetoka, kichwa hakuna."

Nilijua kichwa cha ndama kimegeuka nyuma, na nilijua pia kwamba majirani wakifika kabla yangu wataanza kuvuta miguu na kumuua. Kwa hiyo nikapaza sauti, maana mtandao ulikuwa mbaya: "Msiguse kitu! Ngojeni nifike! Watu wakijaa hapo wataharibu kila kitu!"

Nikatia simu mfukoni, nikaongeza mwendo.

Sasa mtu aseme maneno hayo Osiri, alfajiri, ana mfuko mgongoni, kisha akimbie. Mimi sikuwaza hilo. Nilichosikia ni vishindo vya miguu nyuma yangu, na nilipogeuka nikaona kundi zima la watu wananifuata. Moyo ulinijaa. Nilidhani nimewatia hamasa. Niliinua mkono kama kiongozi wa mbio, nikanyoosha mgongo, nikakimbia kama sijawahi kukimbia. Nao wakaongeza. Nikasema moyoni, hawa watu wa Osiri wana roho ya michezo kweli.

Mfugaji alikuwa amesimama mlangoni pa boma. Alinitazama, akatazama nyuma yangu.

"Daktari, hao ni kina nani?"

"Wanafanya mazoezi," nikasema.

"Na sululu?"

Kabla sijajibu, mwanamke mmoja mwenye karai kichwani alipenya mbele. Alikuwa hahemi hata kidogo. "Iko wapi?"

"Nini?"

"Omera, ndugu yangu, usitufanye wajinga. Dhahabu."

Nikamwonyesha ng'ombe. Alikuwa amelala ubavuni, kwato mbili ndogo zimechungulia. Watu wote walimtazama ng'ombe, kisha wakanitazama mimi, kaptura yangu na magoti yangu. Halafu yule mwanamke akaanza kucheka. Alicheka hadi karai likamwanguka, na wengine wakamfuata.

Sikuwa na nafasi ya kuona haya. Nilivaa glavu, nikalala kifudifudi kwenye matope, nikamrudisha ndama ndani taratibu ili nipate nafasi ya kukigeuza kichwa chake. Nguvu zangu zote zilikuwa zimeishia kwenye zile mbio za kujionyesha. Kichwa kilipokaa sawa nilifunga kamba miguuni, nikavuta. Hakuna kilichosogea. Nikavuta tena, nikateleza, nikakaa kitako.

"Kaa kando, daktari," akasema mchimbaji mmoja, akaishika kamba. Watu wanaovuta mawe kutoka ardhini kila siku hawahitaji kufundishwa kuvuta. Mimi nilibaki kuwaambia tu, "Sasa," ng'ombe anapojisukuma, na "Ngoja," anapopumzika. Ndama alitoka mzima, jike, akapiga chafya. Lile karai likatiwa maji ya moto nikanawa. Mfugaji akatuandalia chai sote, na wakati wa kuagana yule mwanamke aliniambia, "Siku nyingine ukikimbia, piga kelele useme ni ng'ombe."

Kwa mazoezi ya namna hiyo nilifika Homa Bay siku ya mashindano. Nilianza kwa kasi ya kipumbavu, sambamba na vijana wembamba, na tulipofika kwenye kilima cha kwanza vijana walibaki wembamba na mimi nikabaki nyuma. Mkubwa wangu alikuwa ameshapotea mbele. Katikati ya safari simu ikalia. Ningeweza kuizima. Sikuweza.

"Daktari, hii ng'ombe imefura tumbo kama ngoma!" Alikuwa mfugaji wa Rongo.

"Mnyweshe mafuta ya kupikia," nikamwambia, nikihema. "Polepole, asipaliwe. Halafu mtembeze. Asilale!"

"Na wewe mbona unahema? Uko salama?"

"Usijali kuhusu mimi. Mtembeze!"

Mzee mmoja aliyekuwa akikokota miguu kando yangu alikuwa amesikiliza yote. "Daktari," akasema, "na kuku akikohoa?" Tukatembea pamoja sehemu kubwa ya barabara tukizungumzia kuku wake, hadi naye akapata nguvu, akaniaga kwa heshima, akaniacha.

Nilipomaliza walikuwa wanakunja hema. Mkubwa wangu alikuwa ameoga, amekula samaki, na amerudi kunitafuta.

"Nilidhani umeenda nyumbani," akasema.

"Nilikuwa na mgonjwa."

Simu ikalia tena. Ilikuwa Rongo. "Daktari, imepona! Imetoa hewa mpaka mbwa akahama!"

Niliinua mikono juu nikawatangazia wote waliokuwepo kwamba ng'ombe amepona. Wote waliokuwepo ni wanaume wawili waliokuwa wameshika hema. Waliliweka chini, wakanipigia makofi.

Jumatatu nilichanja mbuzi nikiwa nimeketi kwenye kigoda, maana miguu ilikataa kuinama. Wenyewe waliniletea mmoja mmoja kama mfalme. Beberu mmoja akaponyoka, akakimbilia kwenye mahindi, na watu wote wakanigeukia.

"Mwacheni," nikasema. "Atarudi mwenyewe."

Alirudi saa kumi jioni.