Kiongozi Aliyeuliza Maswali Mengi

Siku hiyo naikumbuka hata nisipotaka. Ilikuwa mwezi wa sita, miaka ya tisini, mimi nina miaka ishirini na mitatu. Nilikaa kwenye keria ya baiskeli, mdogo wangu Damasi akakanyaga, tukatoka mtaani kwetu Shanwe kwenda kijiji cha Kabungu kumtafuta mtu wa kutupeleka milimani.

Mwanangu, juzi ulipokuja na simu yako ukanionyesha picha za kampuni tatu zinazopandisha watu mlima, ukaniuliza, “Mama mkubwa, wewe ungechagua ipi?”, nilisingizia maharage yanaungua. Hayakuwa yanaungua. Niliogopa kukujibu kabla sijakwambia habari hii. Nyumbani kwetu hakuna aliyeisikia yote kutoka kinywani mwangu; niliyowaambia ni nusu, na nusu hiyo niliitunga mimi.

Tulikuwa vijana wanane wa kwaya, mimi na Damasi tukiwemo. Mwalimu mmoja aliyehamia kwetu kutoka Moshi alikuwa ametuonyesha picha zake akiwa juu ya mlima, amevaa kofia ya sufu. Nasi tukaona tusibaki nyuma. Tuna milima yetu huko magharibi, mirefu, ukifika juu yake unaliona ziwa lote chini. Tukakubaliana tutembee, tulale huko juu, tuimbe, turudi. Kazi ya kutafuta kiongozi wakanipa mimi, kwa sababu nilikuwa fundi cherehani pale mtaa wa Majengo na nilijuana na watu wengi.

Damasi alikuwa na pumu. Sisi nyumbani tulijua, nje hawakujua. Wewe umezaliwa miaka mingine, labda hutaelewa. Miaka ile kijana akikohoa wiki mbili, watu walianza kuhesabu siku zake na kusogeza vikombe vyao. Ugonjwa mmoja ndio uliokuwa midomoni mwa kila mtu, na kila kikohozi kilikuwa ushahidi. Isitoshe, kwenye kwaya kulikuwa na kijana aliyekuwa ameanza kunisindikiza hadi mlangoni baada ya mazoezi. Sikutaka asikie kwamba kwetu kuna mtu wa kifua. Kwa hiyo Damasi akibanwa, nilisema ana mafua.

Kule Kabungu tulimkuta Mzee Kazimoto anachonga mzinga wa nyuki. Alikuwa Mfipa, amekuja huku zamani, na alikuwa akiivuka milima ile kila mwaka kufuata asali. Sisi ni Wanyamwezi. Wewe unajua, Mfipa na Mnyamwezi wakikutana hawaanzi na salamu, wanaanza na matusi ya utani.

“Wanyamwezi!” alituita kabla hatujashuka. “Babu zenu walibeba mizigo ya Waarabu mpaka pwani. Leo mmekuja kutafuta Mfipa wa kuwabeba nyie?”

“Tumekuja, mzee,” nikamjibu, “bora usitupige zile radi zenu Wafipa tu.”

Akacheka, akatupa viti. Nilipomweleza, akaanza maswali. Mko wangapi? Nani hajawahi kutembea siku nzima na mzigo? Viatu vyenu nitaviona lini? Akasema siku tatu hazitoshi, atatupeleka kwa tano, na siku ya pili tutapumzika hata kama hatujachoka. Asiye na mwendo ndiye atakayetangulia wenzake, hatua moja nyuma ya mzee mwenyewe, na hakuna wa kumpita. Mmoja akishindwa, wote tunashuka. Mwisho akauliza, “Nani mgonjwa?”

“Hakuna,” nikasema.

Damasi alikuwa amekaa pembeni yangu, ametoka kukanyaga baiskeli safari ndefu. Mzee akaacha kuchonga, akasikiliza. Hata mimi nilisikia.

“Huyu kifua chake kinapiga filimbi,” akasema. “Mwezi huu watu wanachoma mapori, moshi wote unapanda juu. Binti, ukimpeleka huyu, utamrudisha kwenye machela. Utazika, na mimi nitakuja kula ubwabwa wenu.”

Nikacheka kwa sauti. Nikamwambia Mfipa kwa chakula cha msiba hajambo, anakitafuta hata kwa wazima. Damasi naye akacheka mpaka akakohoa. Mzee hakucheka. Akarudia neno lile lile, polepole, ananitazama usoni. Nami nikazidi kucheka, maana kwa watani, anayesema bila kutabasamu ndiye fundi.

Miaka mingi nilijiambia kwamba nilidhani ni utani. Leo nakuambia ukweli, mwanangu. Nilijua si utani. Sauti yake ilibadilika na niliisikia ikibadilika. Lakini utani ulinipa mahali pa kujificha, nikajificha humo.

Njiani tukirudi Damasi akanisihi. “Dada, usinitoe. Maisha yangu yote mimi ndiye wa kubaki nyumbani. Nataka nilione ziwa kutoka juu, mara moja tu.” Nikamwambia atakwenda.

Jumatatu nikazungumza na kijana mmoja wa pale pale Majengo, tulimwita Joji. Alikuwa amewahi kuwabebea mizigo wageni, ana mabuti ya kweli na miwani ya jua. Akasema siku tatu, hakuna tabu, kila kitu kipo. Hakuniuliza swali hata moja. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Kwaya wakauliza, “Vipi yule mzee wa Kabungu? Si wanasema ndiye anayeijua milima?” Nikawajibu, “Amekataa. Anasema hapotezi muda na watoto wa mjini.” Maneno hayo niliyatunga nikiwa nimesimama, na yalitoka bila shida yoyote.

Siku ya kwanza tulitembea vizuri. Tulilala kwenye bonde, tukaimba. Siku ya pili njia ikaanza kupanda kwa ukali. Joji alikuwa mbele na wenye nguvu, wanacheka, sauti zao zinatufikia kwa mbali. Damasi alikuwa wa mwisho, mimi nyuma yake. Vijana wawili wa kwaya, kwa wema wao, walirudi wakamwambia, “Leta begi tukusaidie, kaka, mafua hayo yanakuchosha.” Wakalibeba wakaenda nalo mbele. Vidonge vyake vya kifua vilikuwa mfukoni mwa begi lile. Mimi niliona linaondoka. Ningeweza kusema neno moja, “Ngojeni, mna dawa humo.” Lakini wangeuliza dawa ya nini.

Saa nane mchana upepo ukageuka. Moshi wa majani yaliyochomwa kule chini ukapanda kwenye korongo ukatukuta. Damasi akakaa chini, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Nikapiga kelele kuwaita wa mbele. Upepo uliyarudisha maneno yangu. Nikamwacha nikakimbia kupanda, nikaanguka, nikaamka, nikawafikia, nikanyakua begi. Niliporudi na vidonge mkononi alikuwa ameegemea jiwe, midomo imebadilika rangi. Nilimtia kidonge mdomoni. Hakukimeza.

Joji alikuja mbio, akapiga magoti, akajaribu kumpepea kwa kofia yake. Kisha akaniuliza, analia kama mtoto, “Dada, mbona hukuniambia?” Hakuwa mtu mbaya yule kijana. Hakujua kuuliza, na mimi nilimchagua kwa sababu hiyo hiyo.

Tulimshusha kwa machela ya miti miwili na kanga zangu. Ilituchukua siku hiyo iliyobaki na kesho yake yote.

Msibani Mzee Kazimoto alikuja. Watu walimsogezea mkeka wakimngojea. Mtani msibani ana ruhusa ya kusema lolote, kumwigiza marehemu, kuwasema wafiwa mpaka wacheke katikati ya machozi. Yeye alikaa kimya. Halafu msichana mmoja wa kwaya, Anastazia, macho yamevimba, akamwambia mbele ya wote: “Mzee, sisi watoto wa mjini ulituona si kitu. Ungekubali kutupeleka, huyu angekuwa hai.” Wazee wengine wakaguna kumuunga mkono.

Mzee akageuza kichwa, akanitafuta kati ya wanawake mpaka akaniona. Nikainamisha uso. Angeweza kusema sentensi moja tu, na kwa haki yake ya utani hakuna ambaye angemzuia. Akamwambia Anastazia, “Pole, mwanangu.” Akainuka, akaenda makaburini, akashika jembe kufukia pamoja na vijana. Chakula hakula.

Baada ya hapo watu waliacha kumwendea. Ilisemekana ana roho mbaya, anachagua watu. Nilisikia wakisema hivyo dukani, nikiwa ninapima nguo, na nikaendelea kupima.

Mvua zilipoanza nilikwenda Kabungu peke yangu. Nilimkuta uani anapalilia. Nilipiga magoti kwenye tope, nikaanza kulia. Akaniacha nilie. Kisha akasema, “Mnyamwezi, umechelewa,” bila ukali.

Nikamuuliza kwa nini hakunitaja siku ile.

“Mama yako alikuwa anazika mtoto mmoja,” akasema. “Sikutaka azike wawili. Lakini mimi nina jina, binti. Uliokota jina langu ukalifanya tambara la kufutia. Nenda ukaseme mwenyewe. Wewe hukumkosa kiongozi. Ulimpata, ukamkimbia kwa sababu aliuliza.”

Nikaahidi. Nikarudi mjini na ahadi ile, nikakaa nayo. Jumapili hii, nikasema ijayo. Ijayo, nikasema baada ya Pasaka. Niliposimama hatimaye mbele ya kwaya nikaeleza kila kitu, Mzee Kazimoto alikuwa amezikwa wiki mbili. Anastazia alitoka nje. Hajawahi kuniamkia vizuri tangu siku ile, na simlaumu. Mama yangu alikufa bila kusikia kutoka kinywani mwangu. Hiyo ndiyo siwezi kuirekebisha, ninalala nayo na kuamka nayo.

Sasa nikujibu swali lako, mwanangu. Sijui kampuni ipi kati ya zile tatu ni nzuri. Picha zote zinapendeza. Ila wapigie wote, na usikilize ni nani anayekuuliza wewe maswali. Anayetaka kujua umewahi kuumwa nini, umezoea kutembea kiasi gani, na mwenzenu aliye dhaifu ni nani, huyo hata akikuudhi, msikilize mara ya pili. Muulize na wewe: siku ni ngapi, na kwa nini si zaidi? Mmoja akishindwa, nani anashuka naye? Anayekwenda polepole mnamweka wapi? Akikwambia hakuna wasiwasi kabla hujamaliza kuuliza, mshukuru, ukate simu.

Na wewe ukiulizwa, sema kweli. Najua una ile shida ya presha kushuka uliyomficha hata mchumba wako. Iseme kwa kiongozi, na iseme kwa wenzako, wakucheke wakitaka. Dawa yako ikae mwilini mwako, si kwenye begi la mtu. Na mtu akikuonya kwa mzaha, usikimbilie kucheka. Kaa na neno lake hata siku moja kabla ya kulijibu. Ukikosa kusema kweli leo, iseme kesho asubuhi, usingoje Pasaka.

Nenda, mwanangu. Sikukatazi. Mungu akupe miguu imara na pumzi ya kukutosha kwenda na kurudi. Akupe wenzako wanaogeuka nyuma kutazama nani hajafika. Akupe ujasiri wa kusema “siwezi” siku utakayoshindwa. Akurudishe hapa mlangoni mzima, umechoka, una vumbi, unadai chai. Amina.