Resho Niliyoibeba Tumboni

Haya, kwa kuwa mmeshaisikia kwa watu na kila mmoja anaongeza chumvi yake, bora niwaambieni mwenyewe: ni mimi, Mwajuma, niliyefika kwenye geti la chuo nikiwa na mimba ya umeme. Leo nacheka, lakini siku ile nilitamani ardhi ipasuke inimeze na abaya yangu.

Ilikuwa Ramadhani. Mimi ni mtoto wa Rumonge, na hapa Bujumbura nilikuwa na kitanda kimoja tu, cha bweni la chuo, bila hicho masomo yangu yamekwisha (wazazi hawana uwezo wa kunipangia chumba, tusidanganyane). Sasa mkahawa wa chuo ulikuwa unafunga kabla ya magharibi, kwa hiyo mimi niliyeshinda na njaa nafuturu mkate mkavu na maji ya bomba, huku roho inalilia uji wa moto. Na resho ya umeme, yaani jiko dogo la kupikia, ni marufuku. Imeandikwa kwenye ubao mkubwa pale getini, pamoja na pasi, majiko ya makaa, pombe na wanyama, na ukikamatwa nayo unatoka bwenini siku hiyohiyo. Ubao huo nilikuwa nausoma kila siku, msidhani sikujua.

Rafiki yangu Odette, aliyekuwa amepanga chumba Mutanga Sud na amemaliza masomo, ndiye aliyenipa resho yake, ile ya duara yenye sahani moja. "Sakoshi wanazifungua zote," akaniambia, akigonga mkoba wangu, "lakini tumbo ya mutu hakuna mwenye anaifungua." Nikaona hiyo ni hekima. Nikaifunga tumboni kwa kanga mbili, waya nikauzungusha kiunoni, nikavaa abaya juu, nikajitazama kwenye kioo chake nikaona sijabadilika hata kidogo. (Kioo cha Odette kinaishia kifuani. Hilo nililifikiria baadaye.)

Njiani resho ikaanza kuteleza, nikawa naishikilia kwa mkono mmoja chini na mwingine nimeuweka kiunoni, natembea nimejipinda kwa nyuma, na kufika getini jasho linanitiririka. Zamu wa pale, yaani mlinzi wa geti, mzee Ferdinand, ambaye siku zote ananipekua mpaka ndani ya kopo la mafuta, siku hiyo hata mkoba hakuugusa. Akatazama tumbo, akatazama uso, akavuta kiti chake mwenyewe.

"Kaa, mama. Jua hii si ya mutu mwenye iko na mimba."

Hapo ningesema hapana, mzee, niko sawa, nikapita zangu. Lakini kiti kiko kivulini na mkoba haujafunguliwa, nikaona Mungu amenifungulia njia. Nikakaa. Tena nikahema kidogo, kunogesha.

Kumbe nimejimaliza. Mama Neema, Mkongomani wa Uvira anayeuza uji na mandazi pembeni ya geti, akaja mbio na kikombe. Nikamwambia nimefunga.

"Mimba haifungaka, mutoto wangu," akasema. "Hata majirani zangu Waislamu wananiambiaka vile. Kunywa."

Watu wakaanza kusogea. Nikisema sina mimba, wataniuliza kilichoko tumboni ni nini. Basi nikakishika kikombe, nikakiweka mdomoni nikijifanya nakunywa (wallahi halikupita hata tone), tangawizi inanipanda puani, na hivyo ndivyo alivyonikuta Shangazi Zainabu.

Shangazi Zainabu ndiye aliyemlea mchumba wangu Hamisi, anauza vitenge Buyenzi, na harusi yetu ilikuwa imepangwa baada ya Idi. Alikuwa ameniletea sambusa za futari, kwa mapenzi yake tu. Akaona kiti, akaona tumbo, akaona kikombe mdomoni mchana wa Ramadhani.

"Shangazi, si vile unafikiri," nikasema.

"Mi sifikiri. Mi naona." Akatoa simu, akampigia Hamisi palepale, akamwambia mchumba wake iko na mimba kubwa, akakata.

Niliogopa, jamani. Nilimpenda yule kijana, na nilijua kwetu harusi inavunjika kwa maneno madogo kuliko hayo. Lakini bado sikutaka kupoteza kitanda, nikazidi kulishikilia tumbo. Shangazi akainama, akaniwekea mkono tumboni ajue ni miezi mingapi. Akabonyeza. Akabonyeza tena. Uso ukambadilika, hasira yote ikamtoka.

"Inna lillahi," akasema kwa sauti ndogo. "Huyu mutoto amekauka."

Mama Neema naye akagusa, akaanza kulia. Mzee Ferdinand akaita gari niwahishwe hospitali, wanafunzi wawili wakanishika miguu na mabega. Nikasema nimepata nafuu, hakuna aliyenisikiliza. Basi nikajing'oa mikononi mwao, nikaingiza mkono ndani ya abaya (nilikuwa na gauni ndani, msinifikirie vibaya), nikatoa resho nikaiweka juu ya kiti. Waya ukafuata, nauvuta na hauishi.

Mzee Ferdinand aliitazama muda mrefu.

"Mademoiselle," akasema (umama ulikuwa umeshaniisha), "hii iko kwenye ubao."

Kabla ya magharibi nilikuwa nje ya bweni, nimekaa juu ya godoro langu, nalia machozi ya kweli. Shangazi alikuwa hajaondoka. Akaniuliza nilikuwa nataka kupika nini. Nikamwambia uji. Akacheka mpaka mtandio ukamwanguka, akashika godoro upande mmoja. "Twende nyumbani," akasema.

Tatizo ni kwamba kwake ndiko anakolala Hamisi, na kwetu wachumba hawalali chini ya paa moja kabla ya ndoa. Kwa hiyo aliyetolewa ni yeye, na blanketi lake, akalale kwenye gereji anakofanya kazi mpaka siku ya harusi, yeye ambaye hakubeba chochote. Jioni hiyo alikuja kufuturu nje ya dirisha la jikoni, mimi niko ndani nakoroga uji wa nyumba nzima.

"Shangazi alipokupigia," nikamwuliza, "ulimwambia nini?"

"Alikata. Nikamupigia tena, hakushika. Nikamwandikia: njo naye, nitawachukua wote wawili."

Nikalia tena, mwiko mkononi. Halafu akili ikanirudia. "Kwa hiyo we uliamini?"

Akasogeza bakuli dirishani. "Leta uji, Mwajuma."

Sasa ni mume wangu, na mpaka leo sijajua kama nimsifu au nimnunie. Ila resho za umeme, hata zikiwa dukani, mimi napita ng'ambo ya pili ya barabara.