Siku Maksai Walipoinua Injini

Oili iliyoungua, imechanganyika na samadi mbichi. Si harufu ambayo mtu angejipaka akienda harusini, lakini ikinipata popote miguu yangu husimama yenyewe. Juzi ilinipata mjini, nyuma ya gereji moja ambako mtu amefunga ng'ombe wake wa maziwa karibu na shimo la mafundi. Nilisimama mpaka kijana mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu. Nikamwambia hapana. Lakini wakati ule sikuwa mjini. Nilikuwa kijijini kwetu Mogitu, nina miaka kumi na mmoja, na injini ilikuwa inaning'inia hewani.

Baba yangu, Tluway, alikuwa seremala. Alitengeneza milango, vitanda na madawati, na watu walisema mlango wake ukifungwa hata moshi hauponyoki. Lakini ndani ya banda letu la ng'ombe, kwa miaka miwili, alikuwa akitengeneza kitu ambacho hakuna mtu aliyekiagiza: gari dogo la mbio, la viti viwili, lisilo na paa, lenye pua ndefu na mgongo wa mviringo.

Hakuwa na mchoro. Alipokuwa kijana, msafara wa wazungu wenye magari ya kizamani ulipita barabara ya kwenda Singida, na gari moja jekundu likakwama kwenye tope karibu na kwetu. Vijana wakaitwa kusukuma. Kwa kuwa baba alikuwa mwembamba kuliko wote, mwenye gari alimkalisha kwenye usukani, yeye mwenyewe akashuka kusukuma na wengine. Baba akaliendesha hatua kama mia mbili, injini ikiwa imezimwa. Walipofika pakavu akashuka, mwenye gari akaingia, likawaka, likaenda zake.

"Nililishika," baba alikuwa akituambia, "ila halikunguruma mikononi mwangu."

Basi alilipima kwa mwili wake. Mlango ulimfika kwenye nyonga. Kiwiko kilitua hapa, magoti yalikunjwa hivi. Kila aliposahau kipimo aliketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, akafumba macho, akanyoosha mikono kama ameshika usukani, akakaa hivyo hata wageni wakiingia. Halafu aliinuka na kukata bati upya. Fremu ilikuwa ya mabomba ya chuma, mbavu za mbao, ngozi ya mabati ya mapipa aliyoyanyoosha moja moja kwa nyundo. Mimi na wadogo zangu tulijua kila kona ya gari lile kwa vidole, kama mtu anavyojua meno yake kwa ulimi.

Mama alivumilia. Misimu miwili ya mvua maksai wetu walilala nje chini ya turubai, kwa sababu banda lao lilikuwa na mgeni. Msimu wa pili mmoja alikohoa mpaka tukadhani tutamkosa. Maksai wale ndio waliotulimia mahindi na alizeti, ndio waliotulisha. Mwaka wa tatu, mawingu yalipoanza kukaa juu ya Mlima Hanang, mama alikuja kwenye mlango wa banda akiwa na debe la pumba kiunoni.

"Baba Fausta, mvua ya kwanza ikinikuta gari hili haliwaki, ng'ombe wanaingia ndani. Na hayo mabati yanafunika ghala."

"Litawaka," baba akasema.

"Sijasema halitawaka. Nimesema mvua."

Mama hakuwa mtu wa kurudia neno. Baba alilijua hilo, nasi tulilijua. Tangu siku ile kila asubuhi nilitoka nje kabla ya kunawa uso, nikatazama mlima.

Injini ilipatikana Katesh. Kulikuwa na mtu aliyepindua gari lake dogo, na mtu huyo huyo alikuwa anajenga nyumba isiyo na milango. Baba akamtengenezea milango, akapewa injini na giaboksi yake. Ikaja Mogitu kwa mkokoteni, imelazwa juu ya mabua kama mgonjwa, na watoto wa njia nzima wakiifuata.

Fundi wa kuifunga alikuwa Mzee Rashidi, dereva wa gari la kituo cha afya. Alikuwa mtu wa Tanga, serikali ndiyo iliyomleta kwetu, na hakuwahi kuzoea baridi. Hata saa sita mchana alivaa koti. Hakuweza pia kulitamka jina la baba, akamwita Fundi tu. Alikuja Jumamosi asubuhi. Tukampa shikamoo, akatuitikia marahaba ndefu kama wimbo wa kwao, akaitazama injini, kisha akauliza iliko winchi ya mnyororo ya kuiinulia.

Winchi, baba akamweleza, ilikuwa kijiji cha Dirma, chini ya lori lililoharibika, na hakuna aliyejua itarudi lini.

"Kwetu Tanga wangeitwa vijana wanane, wakabeba."

"Wakakuponda vidole," akasema Baba Safari, jirani yetu, aliyekuja kutazama na kucheka. "Kwenu hakuna ng'ombe, mzee?"

"Wapo. Lakini hatuwafundishi ufundi wa magari."

"Hapa wanasomeshwa. Yule mwekundu yuko mwaka wa pili."

Walicheka wote, lakini baba hakucheka. Alikuwa anautazama uwanja, jicho moja limefumbwa, kama anavyotazama ubao.

Alisimika magogo mawili yenye panda, akalaza boriti juu yake, akafunga makapi mawili, yale magurudumu ya kupitishia kamba, moja ameliazima kisimani. Kamba ilishuka kutoka kwenye boriti, ikapita chini ya gogo jingine ardhini, ikaenda kwenye nira ya maksai. Alipima kwa hatua zake, akapima tena: ng'ombe wakitembea hatua sita, injini itafika usawa wa kifua. Hatua ya sita iliishia kwenye ua. Hapo maksai wasimame, Baba Safari azungushe kamba kwenye nguzo, gari lisukumwe chini ya injini, kisha waishushe polepole kwa mikono.

Mshika kamba wa mbele nilikuwa mimi. Hilo halikuhitaji kusemwa. Kwetu anayeshika plau hukaa nyuma, na mtoto huongoza ng'ombe mbele. Nami nilikuwa nimeongoza tangu nikiwa na miaka saba. Maksai wetu waliitwa Tarafa na Diwani. Diwani alipewa jina hilo kwa sababu mwanzo wa shamba alikuwa na nguvu za kuahidi kila kitu, na katikati akalala. Lakini mbele yangu walitembea vizuri. Tulijuana kwa pumzi.

Baba akapiga mluzi. Nikatembea. Kamba ikakaza, boriti ikalia, na nyuma yangu nikasikia watu wakivuta pumzi kwa pamoja. Moja, mbili, tatu. Sikugeuza kichwa. Mshika kamba hatazami nyuma; akitazama nyuma, mstari unapinda. Nne, tano. Ua ukanijia usoni, ua wa manyara, ule mmea wa vijiti vya kijani wenye maziwa yanayochoma macho. Mimi na ng'ombe wale tulikuwa tumeufikia ua wa namna ile mara elfu. Na kila mara, tulipoufikia, tulifanya jambo moja tu.

Tukageuka.

Hakuna aliyetuamuru. Bega langu lilikwenda, Tarafa akalifuata, Diwani akamfuata Tarafa, kwa ustadi kabisa, kama siku ya kulima. Mbele yangu nilimwona Baba Safari ameshika kamba isiyokuwa na kitu cha kuivuta. Kisha sauti: bati likikunjika, mbao zikivunjika, na kishindo kilichowarusha kuku mpaka juu ya paa la jiko.

Baba na Mzee Rashidi walikuwa wameshaanza kusukuma gari, wakidhani tutasimama. Injini iliangukia pua ya gari. Mzee Rashidi aliketi chini, akahesabu vidole vyake kwa sauti, vyote kumi, akamshukuru Mungu, akavihesabu tena.

"Ni mimi," nikasema. "Nimegeuka, baba."

Hakunitazama. Aliinama, akaweka kiganja juu ya bati lililobonyea, akakiacha pale.

"Ulifika mwisho wa shamba," alisema. "Hata mimi ningegeuka."

Nilitamani anipige. Sauti ile haikuwa na hasira, na hicho ndicho kilichonitisha. Mzee Rashidi akasema injini ni nzima, kimekatika kishikizo kimoja tu, kitachomelewa, tujaribu tena. Baba akatikisa kichwa. Maksai waliofundishwa kugeuka kwenye ua watageuka tena, akasema, na pale uwanjani hapakuwa na upande mwingine wenye nafasi. Juu yetu wingu lilikuwa limeshuka mpaka katikati ya mlima.

"Wafungueni ng'ombe wapumzike," akasema, nami nikajua kwamba hamaanishi kupumzika.

Ndipo mama alipotoka jikoni na panga. Alikuwa amejifunga kitenge usoni, macho tu yanaonekana. Akapita katikati ya wanaume wale bila kuwasemesha, akafika kwenye ua, akaanza kukata.

Ua ule aliupanda mwenyewe mwaka alioolewa. Ndio uliowazuia mbuzi wa jirani kuingia kwenye maharage yake, na mtoto aliyevunja hata kijiti kimoja alikula fimbo. Maziwa meupe yalimrukia mikononi. Baba aliinuka.

"Mama Fausta, unafanya nini?"

"Ng'ombe wamegeuka kwa sababu ya ua. Nautoa ua. Fausta, rudi nyuma, utaungua macho."

"Mama Fausta," akasema Baba Safari, "mbuzi wangu watakuombea."

"Waambie wasizoee."

Alikata upana wa maksai wawili na nira yao. Alipomaliza hakusubiri kuona, akaenda kunawa. Wanaume wakaburuta matawi pembeni, wakainua boriti, wakakaza kamba upya. Baba akapiga mluzi, safari hii mluzi mwembamba.

Mbele yangu palikuwa na shamba tupu mpaka bondeni. Moja, mbili, tatu. Kwenye hatua ya sita nilipita pale ulipokuwa ua, nikasimama juu ya udongo uliolimwa, kama tunavyosimama katikati ya mstari baba anapotoa jiwe kwenye plau. Maksai wakasimama, wakanipulizia shingoni. Nyuma nikasikia Baba Safari akisema, "Imefungwa!" Diwani papo hapo akaanza kukunja magoti alale. Ndipo nikathubutu kugeuza kichwa. Injini ilikuwa hewani, inazunguka taratibu, nyeusi, inadondosha oili juu ya samadi, na chini yake baba akilisukuma gari kwa bega, analibembeleza, "Njoo, njoo, njoo."

Lakini kufunga si kuwasha. Mzee Rashidi alikuwa anakuja jioni baada ya kazi, na kila siku kulikosekana kitu: bomba la maji, waya, boliti moja. Alhamisi, kabla hajafika, mvua ikanyesha.

Ilikuwa mvua ya kweli. Ilipiga bati mpaka hatukusikiana. Baba alikuwa chini ya gari. Nikaona miguu yake imetulia. Akatoka taratibu, akafuta spana kwa kitambaa, akaipanga na nyingine, kila moja mahali pake. Mama akatokea mlangoni na maksai wote wawili, maji yanamtiririka puani, kamba ya ng'ombe mkononi.

"Mama Fausta," baba akapaza sauti, "mvua."

Mama akatazama juu. Maji yalimwingia mdomoni, akayatema.

"Mvua ipi?"

"Hii!"

"Hii si mvua!" Ilibidi apige kelele ili tumsikie. "Haya ni manyunyu!"

Akawageuza maksai, akaondoka nao kwenye tope kuelekea kwa Baba Safari, ambaye, kama tulivyokuja kujua, alikuwa ameombwa nafasi kwenye banda lake tangu Jumapili.

Jumamosi gari likanguruma. Baba alikaa kwenye usukani, mikono imeshika, hakwenda popote. Alikaa tu akitetemeka pamoja nalo, mpaka Mzee Rashidi akamwambia mafuta yatakwisha. Kisha akalitoa kwa kupitia pengo la ua, pua imebonyea, akazunguka shamba mara tatu huku sisi tukilikimbiza.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama kisa cha baba. Mama nilimweka pembeni, mwanamke mkali asiyetambua mvua, na watu walicheka. Nilikuwa mtu mzima nilipowaza kwa mara ya kwanza kwamba hakuna aliyeihitaji mvua ile, wala aliyeijua, kumzidi yeye; kwamba aliposema mvua, pale mlangoni na debe lake, alikuwa anamaanisha kila neno. Nikamuuliza basi kilichombadilisha.

Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua macho.

"Nilimwona anaishika ile pua iliyobonyea," alisema, "kama anavyowashika ninyi mkiwa na homa."

Akaendelea kuchambua. Nami nikaketi chini, nikavuta ungo karibu, nikamsaidia.