Bi Zuhura alivyotangaza shupaza saba na mgombea aliyemwita mgeni

Wakuu, mugonile.

Nina miaka mitatu humu ndani na sijawahi kuandika hata mstari mmoja. Nasoma, nacheka, nalala. Shule yangu iliishia darasa la saba na naandika taratibu, huu uzi una siku ya tatu kwenye simu. Majina nimebadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea, na aliyekuwepo akisoma atajua sijaongeza chumvi.

Mimi ni mkulima wa kokoa na mpunga huku Talatala, wilaya ya Kyela. Jumapili baada ya ibada huwa naendesha baiskeli mpaka Mbugani, mjini, kucheza karata.

Najua mmeshafikiria kamari. Hapana, hatuchezi pesa.

Mchezo unaitwa briji. Mnakaa wanne, wawili kwa wawili, mwenza wako yuko mbele yako. Aliyetufundisha ni Mwalimu Gwakisa, mwalimu wa hesabu mstaafu, yeye aliupata chuoni akiwa kijana. Tunachezea barazani kwake, na pembeni kuna mkeka wa kokoa inayokaushwa, ile harufu kama siki imeshaingia mpaka kwenye karata.

Ngoja nieleze mchezo kidogo, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini mpaka leo nikikumbuka mwili unanisisimka.

Kila mtu anapewa karata kumi na tatu. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kwa zamu, mnatangaza ninyi na mwenza wako mtashinda mizunguko mingapi (kila mzunguko kila mtu anaweka karata moja, kubwa inashinda), na karata za aina gani ndizo turufu. Anayetangaza lazima apande juu ya aliyetangulia, la sivyo anasema "pasi". Waliopanda juu kuliko wote ndio wenye mkataba, na wanautimiza palepale, karata mezani, watu wanaona.

Sasa kilichonishangaza ni hiki. Wakati wa mnada huruhusiwi kusema neno lingine lolote. Hakuna kukonyeza, hakuna kukohoa. Una namba, moja mpaka saba, maana mizunguko sita ya kwanza haihesabiwi. Una kopa, uru, pau, shupaza na "bila turufu". Una pasi, na maneno mengine mawili tu. Basi.

Kwa maneno hayo machache mtu anamweleza mwenzake karibu kila alichoshika. Na wapinzani wanasikia yote!

Mimi ni mtu wa aibu. Nikiambiwa niseme mbele za watu koo linakauka. Kukuta meza ambayo hata wasemaji hodari wamepewa maneno yaleyale niliyopewa mimi, nilijua mahali pangu ni hapa.

Mwenza wangu wa kila wiki alikuwa Bi Zuhura. Ni mama wa miaka sitini na kitu, Mwislamu, ana duka Mbugani. Babu yake alikuja kutoka Tanga na biashara ya vitambaa. Yeye amezaliwa hapahapa, na Kinyakyusa anakiongea kunizidi. Kiti anachokalia barazani kilikuwa cha marehemu mume wake.

Mwezi wangu wa kwanza alitangaza pau mbili. Kwa makubaliano yetu hiyo maana yake ni "nina karata nzito sana, nijibu chochote, usinyamaze". Mimi mkononi sikuwa na kitu. Nikaona aibu, nikasema pasi, mnada ukafia pale.

Bi Zuhura akafunua karata zake, kingi na ree tupu, yaani zile kubwa kuliko zote. Akanitazama.

"Mwanangu, nimekupigia hodi, wewe umezima taa!"

Mwalimu alicheka mpaka miwani ikaangukia kwenye kokoa.

Wa nne wetu ni kaka Asajile. Ana mashine ya kukoboa mpunga, ni mtu wa watu, mcheshi. Bi Zuhura alipougua mwaka juzi, Asajile ndiye aliyempakia kwenye gari lake mpaka hospitali, na akakaa naye kutwa nzima mashine imefungwa.

Uchaguzi ulipofika, Asajile akagombea udiwani.

Mpinzani wake alikuwa mtoto wa mfanyabiashara, ukoo wenye asili ya pwani kama wa Bi Zuhura. Nani alikuwa chama gani sisemi wakuu, naujua moto wa humu.

Mwanzoni kampeni zilikuwa tamu. Huyu akasema atachimba mtaro ili mvua isiingie majumbani. Yule akasema mtaro na taa. Huyu akasema mtaro, taa na lami. Nikawa nawaza, mbona kama mnada wetu, kila mmoja anapanda juu ya mwenzake. Tofauti ni kwamba jukwaani hakuna wa kukuambia haya, weka karata mezani tuone.

Ahadi zilipowaishia, wakaanza kutaja watu. Haya ni maoni yangu, anayepinga apinge: mgombea akishafika juu na hana cha kuongeza, anatafuta mtu wa kumkanyaga ili aonekane mrefu. Yule mpinzani naye hakuwa malaika, aliwaita watu wa Asajile "wananuka matope". Lakini rafiki yetu alikwenda mbali zaidi.

Ilikuwa Alhamisi, mkutano uko karibu na soko, hatua chache kutoka duka la Bi Zuhura. Asajile akashika spika.

"Ndugu zangu, mgeni ukimpa baraza ataomba chumba. Ukimpa chumba atauza nyumba! Kura ni ya mwenye kaburi la babu yake hapa. Waliokuja na mizani, warudi na mizani yao!"

Uwanja ulilipuka. Vigelegele, filimbi, makofi.

Na mimi nilipiga makofi.

Sentensi hiyo nimeiandika na kuifuta mara nne.

Kesho yake watoto walikuwa wanapita mbele ya duka la Bi Zuhura wakiimba "mizani, mizani". Akina mama waliozoea kuchukua sukari kwake wakawa wanavuka barabara kwenda duka la upande wa pili. Hakuna aliyemtukana. Walipita wakiangalia chini tu, watu ambao kila Idi wanakula pilau yake.

Jumapili hiyo hakuja barazani. Asajile alikuja, akauliza, "Mama yuko wapi leo?"

"Labda anafungasha mizani yake," Mwalimu akamjibu, akaingia ndani. Hatukucheza.

Jumatatu nilipita dukani. Nusu ya rafu zilikuwa tupu. Bi Zuhura alikuwa anapanga bidhaa kwenye maboksi na kuyafunga kamba.

"Unahama, Bi Zuhura?"

"Dada yangu yuko Tanga, ana chumba. Mwisho wa mwezi napakia."

"Lakini Tanga hujawahi kuishi."

"Nimekwenda mara mbili. Mara zote mbili niliugua." Akakata kamba kwa meno.

Nilitaka kumwambia asiondoke. Lakini ningemwambiaje, na mikono hii ndiyo iliyopiga makofi? Nikaaga, nikaondoka.

Jumapili iliyofuata tulishangaa kumwona anaingia, mwavuli mkononi, mvua inanyesha. Akasalimia, akakaa. Mimi nikavuta kiti nikae mbele yake kama kawaida.

"Leo tubadilishe," akasema. "Nitacheza na mgombea."

Mwalimu akanong'ona, "Leo kuna mtu atapikwa na maganda yake."

Tulicheza. Kisha zikagawiwa zile karata.

Asajile akafungua mnada. "Shupaza moja."

Mwalimu, "Uru mbili."

Bi Zuhura, "Nne bila turufu."

Hili si dau, wakuu, ni swali. Anamwuliza mwenza wake, una ree ngapi? Na mwenza lazima ajibu.

Mimi, "Pasi."

Asajile, "Kopa tano." Maana yake, ninazo mbili.

Bi Zuhura akauliza tena, safari hii kuhusu kingi. Akajibiwa anayo moja. Akafumba macho kidogo, kama anayesoma dua.

"Shupaza saba."

Saba ndiyo mwisho wa ngazi. Umeahidi kushinda mizunguko yote kumi na mitatu, ukipoteza mmoja tu umeanguka. Mimi sijawahi kusikia mtu anaitangaza. Na ameitangaza juu ya neno la nani? La mtu aliyemwambia arudi kwao!

Sheria inasema mkataba unachezwa na aliyeitaja turufu hiyo kwanza, yaani Asajile, na mwenza wake anafunua karata zake zote mezani, kisha ananyamaza. Tangu hapo zinachezwa na mwenzake. Bi Zuhura akazilaza moja moja, akakunja mikono. Hana tena la kusema. Kila kitu chake kiko mkononi mwa Asajile.

Mimi nilikuwa nimeshika malkia wa shupaza, na ndogo mbili za kumlinda. Nikajisemea moyoni, hawatoki.

Mizunguko ikaenda. Asajile akatoa kingi wa shupaza, akafuatisha shupaza ndogo kutoka kwenye karata za Bi Zuhura. Nikaweka ndogo yangu, uso nimeukausha. Sasa achague. Aweke ree, akitumaini malkia yuko kwa Mwalimu na ataanguka? Au aweke jeki, akiamini malkia yuko kwangu?

Hakuniangalia mimi. Alikaa kama anasikiliza mnada unapigwa upya kichwani mwake. Mwalimu alitangaza uru. Basi ana uru nyingi. Mwenye uru nyingi hawezi kuwa na shupaza nyingi.

Akaweka jeki.

Jeki ikapita, ree ikafuata, malkia wangu akafa. Wakuu, mimi siku nzima nilisema pasi tu, lakini yule bwana aliiona karata iliyofichwa kifuani kwangu, kwa maneno waliyosema wengine. Nywele zilinisimama.

Walishinda kumi na mitatu yote.

"Jamani!" Mwalimu akapiga meza. "Jamani, miaka yote hii, saba nilikuwa naisoma kitabuni tu!"

Asajile alikuwa anacheka kama mtoto. Bi Zuhura hakucheka. Alikuwa anakusanya karata.

"Nilikuuliza una ree ngapi, ukasema mbili. Mbona hukusema tatu?"

"Nisingeweza, mama. Ningekudanganya tungezama wote."

"Na kwenye spika je?"

Mvua ilikuwa inapiga bati. Asajile akaangalia mikono yake.

"Ile ni siasa tu, mama."

"Na hizi ni karata tu." Akazilinganisha kingo, akaziweka chini. "Ulisema kura ni ya mwenye kaburi. Mimi Kyela nina makaburi matatu. Baba, mama, na mume wangu. La mume wangu ulichimba wewe."

Asajile aliinuka, akatoka kwenye mvua hivyohivyo. Chai yake ilikuwa bado ina moshi.

Jumatano ulikuwa mkutano wake wa mwisho, palepale karibu na soko. Alipopanda hakusalimia kwa kauli ya chama.

"Kuna neno nilisema hapa, la mizani. Neno lile lilikuwa uongo, na nilijua ni uongo wakati nalisema."

Mtu akapaza sauti, "Amenunuliwa huyo!" Mwingine, "Shuka!" Watu wakaanza kuondoka makundi kwa makundi. Meneja wake wa kampeni alikuwa ameshika kichwa. Asajile hakushuka.

"Bi Zuhura ni wa hapa. Anayetaka kuninyima kura kwa hilo, aninyime."

Sijawahi kuona mtu anamwaga kura zake mwenyewe kwa mikono miwili. Matokeo siyaweki hapa, uzi utageuka wa vyama.

Alhamisi asubuhi nikaenda dukani mbio, nikijua maboksi yameshafunguliwa. Yalikuwa yameongezeka.

"Hukusikia jana, Bi Zuhura?"

"Nilisikia. Amefanya vizuri, Mungu amlipe. Lakini Asajile ni mmoja. Waliopiga makofi walijaa uwanja, na hakuna hata mmoja aliyeingia humu."

Nilishika meza ya duka.

"Bi Zuhura, hata mimi nilipiga."

Hakushtuka. "Najua. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Ulivaa shati la njano."

"Ulijua? Na ukakaa meza moja na mimi?"

"Nilikaa upande mwingine. Hukuona?"

Wakuu, nilitamani ardhi inimeze. Na papo hapo nilimshangaa huyu mama kuliko nilivyoishangaa ile shupaza saba. Tangu Jumapili nilidhani amebadilisha mwenza kwa ajili ya Asajile.

"Ulipiga kwa nini?"

"Kila mtu alikuwa anapiga."

Akachukua kisu, akakata kamba ya boksi lililokuwa karibu.

"Hilo ni la sabuni. Panga rafu ya chini, mgongo wangu hauinami siku hizi."

Tulipanga. Kabla ya adhuhuri akaja mama mmoja, jirani, mmoja wa wale waliokuwa wanavuka barabara. Akasimama mlangoni, hakununua kitu. Akasema, "Bi Zuhura, na mimi nilipiga."

Akapewa boksi la viberiti apange.

Nilichojifunza ni kwamba maneno ya kugawa watu yanatoka mdomo mmoja, ila yanapata nguvu kwenye mikono yetu sisi tuliosimama chini. Msemaji alijirudi kwa spika. Sisi inabidi tujirudi mmoja mmoja, kwa miguu, mpaka mlangoni kwa mtu.

Ndaga fijo kwa kusoma. Kama na wewe umewahi kupiga makofi yanayokuuma mpaka leo, andika hapo chini. Na kama uko Kyela na unajua briji, sema pia, Mwalimu anataka kuanzisha meza ya pili.