Ukuta wa Stoo Niliousiliba Saruji

Jina langu naomba libaki huko huko kwenu, maana mji wetu ni mdogo na mume wangu anajulikana. Nina miaka sitini na tatu, naishi Kilwa. Hofu niliyonayo wiki hii sijawahi kuwa nayo tangu nizaliwe.

Enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, mimi na mume wangu tulitoka kijijini Kikole tukanunua hapa mjini nyumba ya zamani ya ghorofa, ya mawe na chokaa. Chini ina stoo iliyochimbiwa ardhini, nami nikajaza humo magunia ya sukari na unga. Masika ya kwanza maji yakajipenyeza ukutani, unga ukawa uji kabla haujafika jikoni. Mume wangu alikuwa Dar kufuata mzigo, kazi akamwachia mdogo wake, ambaye ni fundi.

Shemeji alitaka kuchimba mfereji nje na kurudishia chokaa. Nikakataa. Mnaokumbuka mnajua, saruji ilikuwa ya kibali, na sasa imejaa madukani. Mimi, mwenye ghorofa, nipakiwe chokaa?

"Shemeji, ukuta huu unapumua," aliniambia. "Ukiuziba kwa ndani, maji hayaondoki. Yatabaki humo humo yanaula."

"Nyumba yako au yangu? Siliba saruji."

Akasiliba, kwa kuniheshimu tu. Miaka michache stoo ikawa kavu, nikatamba kwa majirani. Kisha plasta ikavimba, ikaanza kudondoka. Mume wangu alipouliza nani aliamua vile, nikasema ni shemeji. Nikaongeza kwamba mifuko mingine ya saruji aliiuza. Sijui ulimi wangu uliingiwa na nini.

Mume wangu alimwita mwizi barazani, mbele za watu. Shemeji akanitazama, akisubiri niseme. Nikainamisha kichwa. Akahamia Kitomanga, na hata mama yao alipofariki, ndugu hao walikaa kila mmoja upande wake matangani.

Juzi asubuhi nilishuka kufagia stoo. Nikagusa ukuta kwa mpini wa fagio, mpini ukazama. Nilipouvuta ukatoka na tope, na jiwe moja likaanguka miguuni pangu. Nikakaa kwenye ngazi.

Chumba kilicho juu ya ukuta ule ndimo alimokuwa analala binti yangu, aliyekuja kujifungua kwetu. Mtoto hajatimiza arobaini. Nimewahamishia chumba cha mbele nikisingizia joto, lakini nyumba si ni ile ile? Kila mlango ukifungwa kwa nguvu, moyo unanipasuka.

Mume wangu anasema Jumamosi mafundi wanakuja kubomoa plasta kwa nyundo na kusiliba upya, saruji nzito zaidi. Nikamwambia kwa upole, "Baba, tumwite mdogo wako, ndiye anayeujua ukuta huu."

"Yule mwizi? Siku akikanyaga hapa, na wewe ufungashe."

Hivyo ndivyo alivyosema bila kujua kitu. Je, akijua kwamba mwizi hakuwepo, kwamba mimi ndiye niliyemtenga na ndugu yake wa tumbo moja miaka yote hii? Atanifukuza, na sitamlaumu. Lakini nikinyamaza, nyundo zitagonga ukuta ule, na mjukuu wangu yumo ndani.

Namba ya shemeji ninayo. Tangu jana nimempigia mara tatu. Akisema "Haloo, nani mwenzangu?" nakata. Ndugu zangu, nisaidieni. Akipokea tena, neno la kwanza nimwambie nini?