Waya wa Odhiambo

Najua mmesikia kwa juujuu kwamba Okoth alilipua kompyuta matangani, na najua mmecheka, hata mimi ningecheka. Lakini hayakuwa matanga, ilikuwa ibada ya kumbukumbu, na hakuna kilicholipuka. Ingelipuka ingekuwa afadhali, kwa sababu mtu akiona moshi mkubwa anakimbia, na mimi siku hiyo nilitamani sana pa kukimbilia. Nina aibu kulisimulia, lakini kuliko mlisikie likiwa limeongezwa chumvi, nisikilizeni mimi mwenyewe.

Kaka yangu Odhiambo, aliyetutoka mwaka jana, alikuwa na kompyuta ya michezo ambayo kwa wati zake ungeweza kuendesha kinyozi na bado ukabakiwa na umeme wa kupikia chai. Ilikuwa na kadi mbili za grafiki, nzito kama matofali, na kioo ubavuni ili mtu aone taa za buluu zikizunguka ndani. Alikuwa akicheza mpira wa kompyuta na kujirekodi akitangaza mechi kwa Dholuo, kwa sauti ya mtangazaji wa redio, na wachezaji alikuwa amewapa majina ya ukoo wetu (Mjomba Ogutu, ambaye goti lake haliwezi hata ngazi za kanisa, ndiye alikuwa mfungaji bora). Katika rekodi moja, katikati ya penalti, unasikia sauti ya Mama, siku alipokuja kututembelea chumbani kwetu mtaani Mamboleo, akiita kutoka jikoni, "Odhiambo! Bi ichiem!" aje ale, na yeye anajibu bila kugeuka, "Abiro, Mama, dakika mbili!" yaani naja, halafu anakosa penalti na kumlaumu Mama. Alisema ataziweka mtandaoni siku intaneti ikiwa nzuri. Hiyo siku haikufika.

Mimi na yeye tulikuwa na sauti moja. Mama akipiga simu alikuwa anaanza kwa kuuliza, "Huyu ni nani kati yenu?"

Kumbukumbu ilipokaribia, Mama aliniomba kitu kimoja tu. "Siku hiyo watu wakishakaa, nataka nimsikie akinijibu. Ile ya chakula." Na kompyuta ilikuwa imekufa kabla ya mwenyewe, kwa sababu pawasaplai, lile boksi la chuma linalochukua umeme wa ukutani na kuugawia kila kifaa ndani, ilikuwa imeungua.

Binamu yangu Atieno, ambaye anapenda mambo mafupi, aliniambia, "Okoth, si uchomoe tu hiyo diski yenye rekodi uniletee, tunakili kwa laptop yangu, tumalize?"

Nikakataa. Uamuzi mdogo tu, na ndio ulioleta yote haya. Nilitaka Mama aione mashine yenyewe ikiwaka, taa za buluu na feni zikivuma, kama ilivyokuwa enzi za mwanawe. Na pia (wacha niseme ukweli) nilikuwa nimemaliza chuo na kukaa nyumbani bila kazi, na nilitaka mbele ya ukoo mzima ionekane kwamba kuna kitu ninachokiweza.

Basi nikaanza kuchagua pawasaplai. Mnanijua mimi. Nikinunua viatu nalala navyo kando ya kitanda nivitazame vizuri kabla ya kukata lebo. Wati mia nane na hamsini zingetosha, lakini nikasoma kwamba kadi hizo zikipata kazi zinavuta umeme mwingi kwa ghafla na boksi dogo linazima, nikasema elfu moja, halafu nikawaza kadi zote mbili zikivuta kwa pamoja, nikasema elfu moja na mia mbili, halafu nikawaza kama sitakuwa nimezidisha, nikarudi elfu moja, usingizi ukakataa. Nikauliza kwenye makundi ya wachezaji mtandaoni hadi mmoja akaniandikia, "Boss, unajenga kompyuta ama kituo cha stima?" Mwishowe nikachukua ya elfu moja na mia mbili, mpya, ya kampuni tofauti na ile ya zamani, zile ambazo kila waya unauchomeka na kuuchomoa mwenyewe. Nikaijaribu chumbani bila diski, kwa kuiogopea. Kadi zote mbili zikawaka. Nilikaa sakafuni nikaitazama kama mtu anayeota moto.

Waya wa kupeleka umeme kwa diski nikauweka kando, ndani ya bahasha ya plastiki, nikautundika kwenye msumari karibu na mlango ili nisiusahau. Asubuhi ya safari nikafungua mlango, mlango ukafunika msumari, nikaondoka.

Nyumbani Kombewa turubai zilikuwa zimejaa. Akina mama wa kanisa walikuwa na vitambaa vyao vyeupe, kaburi lilikuwa na vigae vipya, na Mjomba Ogutu alikuwa na maikrofoni, ambayo akishaishika hakuna wa kumnyang'anya. Tulikuwa tumekodi televisheni kubwa na jenereta. Mama alikaa mstari wa mbele, akakigeuza kiti chake kidogo kielekee televisheni, akafunga kitambaa chake upya kama mtu anayesubiri mgeni.

Nikafungua begi. Waya hakuna.

"Laptop iko hapa," Atieno akaninong'oneza. "Chomoa, Okoth. Tafadhali."

Lakini ndani ya kasha nililosafirishia kompyuta lilikuwamo pia boksi la zamani lililoungua, na nyaya zake bado. Nikachukua ule wa diski. Ukaingia kwenye pawasaplai mpya sawasawa, tik, bila kulazimisha. Nilifurahi, jamani. Niliona ni kama Odhiambo mwenyewe amenyoosha mkono na kunipa. Mimi niliyewaza wati kwa majuma, waya huo sikuuwazia hata muda wa kumeza mate.

Mchungaji akaiombea mashine. Nikabonyeza.

Taa za buluu ziliwaka, watu wakasema "Eeee!", feni zikavuma, na harufu ikanifikia, ndogo, kali, ya plastiki na kitu kingine. Kwenye televisheni ukatokea mstari mmoja wa maandishi meupe, kwamba hakuna diski.

"Ndugu na dada," Mjomba Ogutu akasema, "mitambo inapasha misuli moto. Mtangazaji wetu anavaa viatu." Watu wakacheka. Tukangoja. "Wewe wa jenereta! Hebu ongeza moto huko!"

"Niongeze nini, Mzee?" mwenye jenereta akajibu kutoka nyuma ya jiko. "Hiyo maikrofoni unaongelea ni ya miujiza?"

"Umetia mafuta ama maji ya ziwa?"

"Maji ya ziwa ningewauzia nyinyi mkoge, Mzee! Jenereta yangu iko sawa!"

Turubai nzima ikacheka, na mimi nilikuwa nimepiga magoti nyuma ya meza, nimeshika diski, inachoma vidole. Nilijua. Jambo lenyewe nilikuwa nalijua zamani, hata nimewahi kumwonya mtu mtandaoni: nyaya za kampuni hii na ile zinaingiliana lakini ndani zimepangwa tofauti, na tundu ambalo kwa moja linatoa volti tano kwa nyingine linatoa kumi na mbili. Diski haivumilii hilo hata mara moja.

Mjomba akainama karibu yangu. "Kijana, shida ni nini?"

"Si jenereta, Mjomba. Ni waya. Nimeichoma diski."

"Si kuna nakala?"

"Hakuna."

Maikrofoni alikuwa ameishika kifuani, na haikuwa imezimwa. Ile "hakuna" yangu ilitoka kwenye spika zote, ikaenda hadi barabarani. Kicheko kikakatika. Hata mwenye jenereta alivua kofia.

Mama peke yake hakuelewa. Alikuwa bado ameielekea televisheni. "Tungojeni," akawaambia wenzake. "Hata yeye alikuwa anachelewa."

Wakangoja. Akina mama wa kanisa, ambao walikuwa wameelewa vizuri, wakakaa kimya naye, wakitazama ule mstari mweupe, hadi Atieno akaenda kumchuchumalia miguuni na kumweleza. Mama akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akasema wageni wana njaa, akaingia jikoni.

Mimi nilibaki nyuma ya meza nikichomoa nyaya, si kwamba kulikuwa na haraka, ila huko hakuna aliyeniona uso. Sahani zilianza kugawiwa. Nikasikia mlango wa jikoni na Mama akiita, kama anavyotuita tangu tukiwa watoto, "Okoth! Bi ichiem!"

Na mimi, mkono ndani ya mashine, bila kugeuka, bila kuwaza (siku hiyo mambo yote makubwa niliyafanya bila kuwaza), nikajibu, "Abiro, Mama, dakika mbili!"

Watu wakageukia mlangoni. Nikainua kichwa. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi, macho ameyafumba.

"Rudia," akasema.

Nikafungua mdomo. Kikatoka kilio tu, mbele ya mchungaji, mbele ya ukoo, mtu mzima na shahada yake.

Diski Mama ameifunga ndani ya kile kitambaa alichovaa siku ile, kabatini. Mafundi niliowapelekea wametikisa vichwa, mmoja amesema labda kuna wanaoweza, mbali, nami bado natafuta. Kompyuta sijaiwasha tena. Na nimeapa kwamba nikipewa kitu cha mtu aliyekufa, kwanza ninanakili, kwenye laptop ya yeyote, bila taa, bila turubai.

Siku hizi Mama akipiga simu haulizi tena ni nani kati yetu. Napokea, nasema "Mama," naye anaisikiliza kwanza hiyo sauti. Simharakishi. Naendelea kuongea, polepole, hadi atakaponijibu.