Damu ya Kondoo wa Telesphory

Kabla ya watu kuhamishiwa vijijini, kondoo wa Waha wa Kigoma walilala ndani, karibu na meko, na moshi uliwafukuza nzi. Operesheni hiyo ya serikali ilipokuja, nyumba zikapangwa kwa mistari kama matuta ya viazi, na mifugo ikafungiwa zizi la pamoja kwenye upepo wa ziwa. Wazee hawakuulizwa.

Telesphory alikuwa na kondoo tisa humo. Kiangazi kilipofika, wawili walianza kupiga chafya, makamasi yakiwachuruzika, kisha wakawa wanazunguka palepale kama walevi.

"Hilo gonjwa la kuambukiza," mwenyekiti wa kijiji alisema. "Bwana mifugo apime damu. Asipoona sababu nyingine, kondoo wako wote watachinjwa wafukiwe."

Siku ya kupima, Telesphory aliwaficha wale wawili katikati ya mihogo. "Nitamwonyeshaje mgeni wa serikali uchafu huu?" alimwambia mkewe, Leonia.

Bwana mifugo, kijana aitwaye Oswald, alifika kwa baiskeli kutoka Kigoma.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini kwenye damu?"

Oswald alijibu alipokwisha kuwatoa damu shingoni kondoo watatu wanono. "Kuna nzi anayetia mabuu puani mwa kondoo. Huwezi kuyaona mpaka upasue kichwa, ila damu huwa na alama yake. Nikiipata, kondoo wako wamenusurika kuchinjwa, maana mabuu hayaambukizwi kama mafua. Nisipoipata, Mzee, sina la kumwambia mwenyekiti."

Telesphory akageuka kutazama mihogo. Wale watatu hawakuwahi kupiga chafya hata siku moja. Na Oswald alishapanda baiskeli, akiwahi treni ya kupeleka damu maabara.

"Bwana mifugo! Ngoja! Nimekudanganya!"

Alipokwisha kusikia habari ya wale wawili waliofichwa, Oswald alitikisa kichwa. "Mzee, ukiugua malaria unampeleka jirani akachomwe sindano?"

Watu waliokusanyika zizini wakacheka. Telesphory hakucheka, alikwenda kuwatoa wale wawili mihogoni, akamkumbatia mmoja, akimwomba atulie, huku sindano ikikosa mshipa mara ya pili.

Majibu yalichukua wiki tano. Mmoja wa wale wawili alishakufa. Mwenyekiti aliisoma barua kimyakimya kwanza, midomo ikicheza, na Telesphory akashika nguzo ya zizi.

"Ni mabuu. Hawachinjwi."

"Na dawa wameandika?"

Mwenyekiti alikunja barua. "Dawa bado, Mzee."